Krismasi ya Kushuka Mlimani

Desemba ikifika, barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja kaskazini hujaa. Mabasi huongezwa, viti huisha mapema, na tangu treni ya abiria iliporudi Arusha mwaka 2020, wapo wanaoona heri walale njiani ndani ya behewa kuliko kugombania siti stendi. Kila mtu anakwenda kwao: Rombo, Marangu, Machame, Kibosho. Sisi Wameru tunakwenda Nkoaranga, Akeri, Poli na Songoro. Watu wa Arusha mjini nao hufanya hivyohivyo, ila safari yao ni fupi. Siku ya mkesha wanafunga milango Njiro, Sakina, Kaloleni na Unga Limited, wanapakia mchele na kreti za soda, wanapanda mlima. Jiji lenye watu zaidi ya 600,000 linabaki na walinzi, manesi wa zamu, wahudumu wa hoteli, na watalii wanaosubiri magari ya kwenda Serengeti.

Krismasi iliyopita tuliamua kwenda kinyume na msafara. Mama anaishi Nkoaranga, kwenye kihamba cha marehemu baba, yaani shamba la urithi la nyumbani, na mimi nilitaka ashuke mjini tule Krismasi pamoja katika hoteli kongwe iliyo pembeni ya Mnara wa Saa.

Wazo lilianzia mbali. Mdogo wangu wa kike anaishi Chicago, na katikati ya mji ule, kwenye barabara ya State, liko duka la ghorofa nyingi lililojulikana kwa jina la Marshall Field's mpaka mwaka 2006, lilipoitwa Macy's. Ghorofa ya saba ina ukumbi wa kulia uitwao Walnut Room, uliofunguliwa mwaka 1907. Kila msimu wa Krismasi husimamishwa mti mrefu katikati ya ukumbi, na meza zikauzunguka. Asili ya kula ndani ya duka lile husimuliwa hivi: karibu mwaka 1890, muuzaji wa kofia aliyeitwa Bi Hering aliwaona wateja wake wamechoka na wana njaa, akawagawia pai ya kuku aliyokuja nayo kutoka nyumbani kwake. Pai hiyo ingali inauzwa kwa jina lake. Watu hupanga foleni saa nzima na zaidi, bibi na binti na mjukuu, ili wakae chini ya mti, palepale alipokaa bibi akiwa mtoto. Mdogo wangu alipokwenda mara ya kwanza alinipigia simu usiku. "Dada," akasema, "hawa watu wanaizungumzia hii meza kama sisi tunavyokizungumzia kihamba."

Maneno yale yalinikaa. Chicago imejazwa na watu waliotoka kwingine: Waairishi, Wajerumani, Wapoland, Wamarekani Weusi waliohama mashamba ya kusini. Wengi wao hawakuwa na mlima wa kurudi Desemba. Walipopata mahali pa kukaa na watoto wao sikukuu, mwaka baada ya mwaka, mji ukaanza kuwa kwao. Arusha bado hatujafika hapo. Tunafanya kazi mjini, tunajenga mjini, tunazaa mjini, lakini sikukuu ikifika tunauacha mji kama kituo cha mabasi. Mimi nimezaliwa hapa, watoto wangu wamezaliwa hapa, na ninaamini kwa moyo wote kwamba mji usio na meza yake ya sikukuu haujawa nyumbani kwa mtu.

Mama hakuliafiki haraka. "Krismasi hailiwi kwa watu," alisema. Nikamwambia si kwa watu, ni mjini kwetu. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa masharti yake: ibada kwanza, na fungu letu la nyama lisipotee. Ukoo huchangia ng'ombe, achinjwe mkesha, kila nyumba ichukue fungu lake. Kutochukua fungu ni kama kujitoa katika hesabu ya ndugu. Tukakubaliana.

Kwa hiyo nililala Nkoaranga usiku wa mkesha. Asiyewahi kulala Meru usiku wa Krismasi hajui maana ya kuamshwa. Alfajiri, giza lingali limeshika migomba, tarumbeta za vijana wa kanisa zilianza juu, zikateremka njia kwa njia, na mbwa wa kijiji kizima wakaitikia. Kulikuwa na baridi ile ya mlimani inayokufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Kulipopambazuka, Mlima Meru ulijifunua wote hadi kileleni, mita 4,566 kwenda juu.

Ibada ilikuwa ndefu, na sikutaka iwe fupi. Kwaya ziliimba kwa zamu, watoto wakaigiza wachungaji wa Bethlehemu wakiwa wamejifunga mashuka ya kimasai, ambayo kwa kweli ndiyo mavazi ya wachungaji wanaowajua. Baada ya ibada ukafuata mnada wa sadaka: mikungu ya ndizi, kuku, mayai, maboga, miwa, debe la mahindi. Mzee mmoja alinunua jogoo kwa bei ya mbuzi, kisha akamrudisha anadiwe tena. Watu wakashangilia, kwa kuwa kila mmoja alijua fedha zile zinakwenda wapi.

Huwa siwezi kuzisikiliza kwaya zile bila kuikumbuka Akeri, jirani tu na hapo. Mwaka 1896 wamisionari wawili waliotumwa na Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko walipokuja kuanza kazi. Jeshi la Wajerumani likapanda kulipiza kisasi. Likaua watu, likateka mifugo, likateketeza migomba. Miaka michache baadaye Waarusha na Wameru walilazimishwa kujenga Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho. Kwamba wajukuu wa waliochomewa migomba wanashindana kununua mkungu wa ndizi kwa ajili ya kanisa ni jambo ambalo sijui kulieleza kwa maneno mafupi, na sijaribu.

Tuliondoka na Noah iliyojaa ndugu na mizigo yao, wote wakishuka karibu, sisi tu tukielekea mjini. Pembeni mwa njia mikrismasi ilikuwa imewaka maua mekundu. Magari yote yenye haraka yalikuwa upande wa pili, yakipanda.

Tukafika Tengeru. Soko, ambalo Jumamosi huwezi kupita bila kukanyaga nyanya za mtu, lilikuwa tupu. Mama akanionyesha upande wa chuo cha mifugo akasema, "Kule ndiko walikuwa Wapoland." Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, Wapoland wapatao 5,000 waliletwa Tengeru. Wengi walikuwa wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti, kisha wakatolewa huko kupitia Uajemi. Walijenga kanisa na shule, wakalima mashamba. Makaburi yao yapo mpaka leo ndani ya eneo la chuo. Wapoland wana mila moja ya usiku wa mkesha: mezani huongezwa sahani moja isiyo na mtu, kwa ajili ya mgeni ambaye hajatarajiwa. Nilipomweleza Mama hayo aliitikia kwa kichwa bila mshangao wowote. Kwake sufuria ya sikukuu haijawahi kupikwa kwa hesabu ya watu wa nyumbani.

Toka Tengeru njia ni pana, na siku ile ilikuwa wazi kabisa. Mjini, maduka yote ya barabara ya Sokoine yalikuwa yamefungwa. Mnara wa Saa ulisimama bila msongamano wa wauza vinyago na wapiga debe, na mtu angeweza kukaa katikati ya barabara na kuusoma mji. Watu husema hapo ndipo nusu ya njia kati ya Cape Town na Cairo. Hatua chache kutoka hapo ndipo penye hoteli. Mtu wa umri wangu huiita New Arusha, ingawa siku hizi inaitwa The Arusha Hotel na iko chini ya Four Points by Sheraton. Barabara ya Boma inaanzia hapo kwenda kwenye Boma lenyewe. Nyuma yake bustani inashuka kuelekea Mto Themi.

Mama alisimama getini. "Baba yangu alikuwa akipita hapa na kikapu cha mayai akienda sokoni," alisema. Hakuongeza neno. Enzi zile, kote Afrika Mashariki, kumbi za kulia za hoteli kubwa zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kama mpishi, dobi au boi. Ni katika enzi hizohizo, mwaka 1951, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa ardhi kwa safari ile, lakini Tanganyika nzima ilisikia. Nilimtazama Mama akirekebisha kitenge chake kabla ya kuingia, nikawaza kwamba watu waliomchangia Kirilo nauli walikuwa wauza mayai na kahawa wa namna ya babu yangu.

Ndani, mti wa Krismasi ulikuwa umepambwa kwa taa na shanga. Mhudumu, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, alimwamkia Mama kabla ya kututafutia meza. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu. Heri ya Krismasi." Nilipenda kwamba salamu ilitangulia kila kitu kingine.

Chakula kilipangwa bufee. Bata mzinga alikuwepo, na keki nzito ya matunda. Pilau lilikuwepo, maana hakuna sikukuu Tanzania bila pilau. Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, ndizi nyama, na bakuli kubwa la mtori. Mama alipita meza nzima mara moja bila kuchukua kitu, akitazama tu, kisha akarudi mwanzo na kuanza na mtori. Alionja, akaonja tena.

"Hii si mshare," akasema.

Mpishi alikuwa amesimama karibu akikata nyama. Akasikia, akaja. Akakiri kwa heshima kwamba ndizi za siku ile zilikuwa mchanganyiko wa aina mbili, kwa sababu ndizi za mshare pekee zisingetosha watu wote. Mama akamweleza mkungu unaofaa ukatwe lini, na kwa nini mtori unaotokana na ndizi iliyopevuka kupita kiasi hauwi laini. Wakaongea muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mpishi akasema mkewe ni Mwarusha wa Ngaramtoni, na nyumbani kwao loshoro haikosekani. "Basi ipo siku uiweke hapa," Mama akamwambia, "mahindi yaliyokobolewa vizuri na maziwa ya mgando. Mgeni akishazoea ataiulizia mwenyewe." Mpishi akacheka kwa furaha, akasema atalifikisha jikoni.

Nikawa natazama waliokaa kwenye meza nyingine. Watalii walikuwa na vumbi kwenye viatu. Palikuwa na familia ya Kihindi ya vizazi vitatu, mabibi wakiwa wamevaa sari za sherehe, na daktari mmoja ambaye bila shaka alitoka zamu, maana alikula akiwa ameiweka simu kando ya sahani. Meza moja ilikuwa ya vijana watupu, wenyeji wa mikoa ya mbali, waliokosa nauli au likizo, wakiwa wamechangishana ili wasile sikukuu kila mtu chumbani kwake. Hao ndio walionigusa kuliko wote. Wanafanya mjini kile ambacho ukoo hufanya kwa ng'ombe wa mkesha.

Mhudumu wetu aliporudi kuondoa sahani, Mama alimuuliza kwao ni wapi. Singida, akajibu. "Na wewe umeshakula?"

"Bado, bibi. Zamu ikiisha tutakula, jikoni wametuwekea."

"Mama yako anajua uko kazini leo?"

"Anajua. Nimempigia asubuhi."

Mama hakuridhika, niliona usoni. Chakula kilikuwa kizuri na watu walikuwa wakarimu, ila kwake haikukaa sawa kwamba mtu anayemlisha bado hajala. Hapo ndipo nilipoona kile cha mlimani ambacho hoteli haiwezi kukitoa, na kile ambacho mtu wa mlimani anaweza kukileta hotelini. Kwa hesabu ya sahani, hoteli ina kikomo. Lakini hakuna kinachomzuia anayekuja kula kuja na ile sufuria isiyohesabiwa ndani ya moyo wake.

Kabla ya kuondoka aliuliza meza yao ndefu kuliko zote inakaa watu wangapi, nami nikaelewa kwamba mwakani hatutakuwa peke yetu. Ndani ya gari alianza kupanga kwa sauti. Shangazi zangu wote waje. Ibada kwanza, ya Nkoaranga, isibadilishwe. Nyama ya ukoo ichukuliwe mkesha na ipikwe usiku ule nyumbani, ili mchana ubaki kwa ajili ya mjini. Na yule kijana wa Singida, akipata likizo Januari, apande Nkoaranga ale mtori wa mshare.

"Umechukua namba yake?" akaniuliza. Nilikuwa sijaichukua. Nikamwomba dereva asubiri, nikarudi ndani kuichukua.