Daftari la chama lilivyonizungusha Riruta

JE, msomaji, umewahi kupoteza rafiki kwa sababu ya karatasi mbovu? Usicheke. Mama yangu mzazi, ambaye anaishi Riruta, amempoteza mmoja, na aliyeinunua karatasi hiyo ni mimi.

Mama ni katibu wa chama cha akina mama wa mtaani kwao. Hukutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja akileta mchango wake, naye mama huandika. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na hadi leo haandiki kwa biro. Si maringo. Vidole vyake vimekazwa na baridi yabisi, na biro haitoi wino mpaka uikandamize. Kalamu ya wino huteleza yenyewe, kazi yako ni kuiongoza tu. Anayo Hero moja ya Kichina aliyoinunua akiwa angali kazini, pamoja na chupa ya wino anayoificha juu ya kabati mbali na wajukuu.

Daftari la chama lilipojaa, nilijitolea kununua jipya. Niliingia katika duka moja la fahari katikati ya jiji, nikachagua kubwa lenye jalada gumu jeusi na utepe mwekundu wa kuwekea alama. Lilikuwa ghali, nami nikadhani kilicho ghali ndicho chema.

Miezi minane baadaye, mwanachama mmoja alisema amekwisha kulipa mara tatu mchango wa kununua mahema ya kukodisha. Wenzake walikumbuka mara mbili. Mama akafungua daftari mbele ya wote. Ukurasa wa 41 na wa 42 ni karatasi moja, mbele na nyuma, na wino ulikuwa umepenya huku na huku hata tarakimu za nyuma zikapanda juu ya zile za mbele. Palipokuwa na jina la yule mama palikuwa na doa la buluu lenye miguu kama buibui. Hakuna aliyeweza kuapa kilichoandikwa pale. Yule mama alichukua mkoba wake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Hajarudi.

Basi mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa imejifunika ukungu, nilijaza wino ile Hero ya mama nikaanza safari ya kutafuta daftari lingine. Twende pamoja, maana najua wapo miongoni mwenu wanafunzi waliopewa kalamu ya wino kama zawadi na sasa wanaishangaa inavyochafua vitabu vyao.

Utambi wa taa

Kwanza fanya jaribio dogo. Kama una kalamu ya wino karibu, andika jina lako kwenye pambizo la ukurasa huu wa gazeti. Umeona? Herufi zimevimba na kuota nywele. Geuza upande wa pili, utalikuta jina lako likikutazama kinyume.

Karatasi ni nyuzi za miti zilizolowekwa, zikatandazwa na kukaushwa. Kati ya uzi na uzi pana nafasi ndogo, na nafasi hizo huvuta maji kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Karatasi ya kuandikia hutiwa kiwandani dawa ya kuzuia maji, nyingine hupakwa wanga juu, ndipo ikapigwa pasi kwa magurudumu mazito. Ya gazeti haitendewi hisani hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa wino wa mtambo wa kuchapia ni wa mafuta na unatakiwa uingie upesi.

Biro nayo ina wino mzito wa mafuta ambao hukaa juu ya karatasi bila kuzama sana. Bic ya plastiki tunayoijua ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka wa 1950, ikaenea duniani kote. Wazee wetu waliosoma kwenye madawati yenye tundu la wino wanajua kwamba daftari za siku hizo zilitengenezwa kwa ajili ya nibu. Za leo hutengenezwa mtengenezaji akijua kwamba mtoto ataandika kwa biro, na mwenye kalamu ya wino atajijua mwenyewe.

Jambo jingine ni asili ya karatasi yenyewe. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kule Webuye kilianza kazi miaka ya 1970, kikisaga misonobari ya humu nchini. Kilifungwa mwaka wa 2009, majaribio ya kukifufua hayakudumu, na mwaka wa 2016 kikauzwa kwa mwekezaji wa kibinafsi. Karatasi nyingi nyeupe ya kuandikia sasa huletwa kutoka ng'ambo kwa mabunda, kisha hapa ikakatwa, ikapigwa mistari na kushonwa. Ndiyo maana daftari la jalada lile lile laweza kuwa zuri Januari na likakuaibisha mwezi wa Mei.

Mjini kwanza

Nilianzia katikati ya jiji. Ukitaka kuona madaftari ya kila aina chini ya paa moja, nenda Text Book Centre, barabara ya Kijabe. Ukitaka bei ya jumla, teremka River Road na vichochoro vyake, ambako daftari huuzwa kwa dazeni na hakuna anayekuuliza unaenda shule gani. Muuzaji wa huko atakuuliza tu unataka "kwaya" ngapi, wala hana haja na waimbaji. Kwaya moja ni kurasa 96, mbili ni 192, tatu ni 288.

Pale utaona pia neno gramu limeandikwa kwenye bahasha za karatasi. Huo ni uzito wa karatasi yenye ukubwa wa mita moja mraba. Karatasi ya A4 ya gramu 80, ile ya fotokopi, ina uzito wa gramu 5, na rimu nzima ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Daftari la A4 la kurasa 192 lina karatasi za jumla ya mita 6 mraba. Likiwa la gramu 60, karatasi zake pekee zina uzito wa gramu 360. Unaweza kulipima kwa mizani ya muuza sukari ukitoa hesabu ya jalada.

Lakini uzito usikudanganye kama ulivyonidanganya mimi. Lile daftari jeusi lilikuwa zito kama tofali. Wajapani wametengeneza karatasi iitwayo Tomoe River ya gramu 52 tu, nyembamba hata ukaona kivuli cha maandishi upande wa pili, na bado wino haupenyi. Siri yake ni jinsi uso wake ulivyotengenezwa. Wafaransa nao wanazo Clairefontaine na Rhodia zinazosifiwa na wapenzi wa kalamu za wino duniani. Ukizikuta na mfuko ukaruhusu, nunua. Mimi nilikuwa natumia pesa za chama, na akina mama wa Riruta huuliza risiti.

Kuelekea Riruta

Nikapanda matatu ya Ngong Road. Tukapita Prestige, tukapita Adams Arcade, na nje ya dirisha maseremala walikuwa wamepanga vitanda na makochi kando ya barabara, wamevifunika nailoni kwa sababu ya manyunyu. Nilishuka Dagoretti Corner, nikashika barabara ya Naivasha kwa miguu, ile iendayo Kawangware.

Msomaji, kama hujafika Riruta, usidhani ni kijiji cha mbali. Ni mtaa wa shule, makanisa, nyumba za kupanga na vibanda visivyohesabika. Hapo ndipo ilipo Precious Blood, shule ya wasichana ambayo jina lake halikosi kutajwa matokeo ya mitihani yakitangazwa. Penye wanafunzi hapakosi karatasi. Kati ya kinyozi na muuza viazi utakuta saiba yenye mashine ya fotokopi, na kati ya saiba na duka la dawa utakuta kioski kilichotundika madaftari kwa kamba kama samaki wanaokaushwa.

Katika saiba ya kwanza niliomba karatasi moja ya fotokopi, nikalipa, nikaijaribu papo hapo. Ilinifurahisha: mistari ilisimama safi na nyuma palionekana kivuli chepesi tu. Kijana wa mashine akaniambia anaweza kunichapishia mistari kwenye karatasi hizo na kuzifunga kwa waya wa plastiki. Mwanafunzi, hiyo ni dawa yako. Lakini chama hakitaki daftari la waya, kwani karatasi ikichomolewa hakuna atakayejua. Daftari la hesabu za watu lazima liwe limeshonwa, na kurasa zipewe nambari kwa mkono kabla neno la kwanza halijaandikwa.

Nikaendelea. Duka la tatu lilikuwa la mzee mmoja mwenye kofia ya sufi, unga na sabuni mbele, madaftari nyuma juu ya rafu. Nilipofungua daftari na kutoa kalamu, alinirukia kwa maneno.

"Kijana, unanunua ama unaandika?"

"Shikamoo mzee. Nataka kununua, lakini kwanza nijue kama karatasi inashika wino."

"Ukishaandika nani atalinunua?"

Alikuwa na haki. Nikamweleza habari za mama na lile doa la ukurasa wa 41. Alinyamaza kidogo, kisha akainama chini ya meza akatoa rundo la madaftari yaliyochanika majalada. Hayo ndiyo huandikia madeni ya wateja. "Jaribu haya," akasema. "Yanatoka katika maboksi yale yale."

Tukakaa, yeye akihudumia watoto wa mandazi, mimi nikiandika. Nikupe utaratibu wangu. Andika sentensi moja kwa mwendo wako wa kawaida. Chora mistari inayokatana, mara tatu mahali pamoja. Weka nukta huku nibu ikitulia hadi uhesabu tano. Subiri nusu dakika, kisha tazama kingo za herufi, halafu geuza ukurasa. Jaribu pia pembe ya chini, maana hapo mkono wako ndipo huegemea, na jasho huharibu karatasi iliyokuwa njema juu. Kama huna kalamu, dondosha tone la maji. Likisimama kama umande, chukua. Likizama mara moja, rudisha.

Tulijaribu aina sita. Mbili zilizokuwa nyeupe pepepe, zenye picha za wachezaji mpira, zilinywa wino kama ng'ombe wa kiangazi. Tatu zilikuwa za wastani, ungeweza kuandika upande mmoja tu. Ya sita ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo, jalada la bluu lisilo na picha yoyote. Nibu iliteleza juu yake. Niligeuza ukurasa mara mbili nikidhani nimekosea mahali. Nyuma palikuwa safi.

"Hiyo watoto hawaitaki," mzee akasema. "Wanasema imezeeka."

Akapanda ngazi akanishushia la A4, kurasa 192, limeshonwa kwa uzi, vumbi juu yake. Nikamwomba kalamu iguse ukurasa wa mwisho tu, akakubali. Likapita. Bei yake haikufika robo ya lile jeusi la mjini. Nilinunua mawili, kwa kuwa sikuwa na hakika kwamba boksi lijalo litakuwa na karatasi ile ile. Mzee alinionya nisiyaweke sakafuni wala karibu na ukuta wenye unyevu, akiniambia ameshaona daftari zuri likigeuka sifongo msimu wa baridi. Niliamini, maana unyevu hulegeza karatasi na wino ukapata njia.

Wino pia nilibadilisha. Buluu ile ya kuoshwa huhama pamoja na chai ikimwagika. Kwa kumbukumbu za pesa tafuta chupa iliyoandikwa kwamba wino ni wa kudumu, ila usiuache ukaukie ndani ya kalamu. Na kama unasafiri na kalamu kutoka Mombasa, ijaze kabisa au uimwage kabisa, na uielekeze nibu juu. Hewa iliyofungiwa ndani pwani hupanuka ikipanda huku juu, mita 1,700 na zaidi, na shati lako ndilo litakalolipa.

Nilifika kwa mama jua likizama. Alilipapasa daftari kwa kiganja kwanza, kama apapasaye kitambaa sokoni. Kisha akavaa miwani, akatia nambari kurasa kumi za mwanzo, akaandika orodha ya wanachama. Alipomaliza aligeuza ukurasa, akautazama upande wa pili kwa muda mrefu dirishani, akaurudisha.

Orodha ina majina kumi na manne. La yule mama aliyeondoka limo, la tisa, na mbele yake mama ameacha nafasi ya michango mitatu ya mahema, haijajazwa. Aliniuliza kama namba ya simu niliyokuwa nayo ndiyo ile ya zamani. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakiweka ndani ya jalada.