Funza wa Kuku na Ua wa Magomeni

Funza wa jeraha la kuku si yule anayeingia kwenye kidole cha mguu. Huyu ni buu wa nzi, hasa nzi mwenye mgongo wa kijani unaometa, anayevutwa na damu, usaha au kinyesi kilichogandia kwenye manyoya ya mkia. Nzi mmoja hutaga mayai kwa makumi, hata mamia, madogo na meupe kuliko chenga za mchele. Katika joto la Dar es Salaam huanguliwa ndani ya siku moja, na mabuu huila nyama kwa siku chache kabla ya kudondoka na kujifukia mchangani. Kijana wa leo akiwaona hudhani kuku ameoza angali hai, akatafuta kisu. Waliofuga zamani Magomeni, jijini humo humo, walitafuta maji ya chumvi.

Nyumba ya Magomeni ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Uani palikuwa na jiko, choo, kamba ya nguo na tenga la kuku. Kila asubuhi, kabla tenga halijafunuliwa, mwenye kuku alimshika mmoja mmoja na kumpapasa kwa kidole cha mwisho kujua kama ana yai. Mwenye yai alibakizwa ndani asije akataga kwa jirani. Asiye nalo aliachiwa. Lakini kidole hicho kilipita palepale nzi anapopapenda. Manyoya yaliyochafuka yalionekana na kuoshwa. Mgongo uliochanwa na kucha za jogoo ulionekana, na alama ya jino la paka au nguchiro pia. Jeraha lilijulikana likiwa bichi. Hakuna aliyeiita kazi hiyo kinga. Iliitwa kupapasa yai.

Dawa zilitoka dukani. Duka la kona lilinuka mafuta ya taa, dagaa, karafuu na sabuni ya mche, harufu nne zilizokaa pamoja bila kugombana. Sabuni ilikatwa kipande kwa kipande, na mafuta ya taa yalipimwa kwa kikopo kilichobonyea upande mmoja. Wateja waliulalamikia ubonyeo huo miaka yote na kikopo hakikubadilishwa. Mtoto aliyetumwa mafuta ya senti chache aliulizwa, “Ya taa au ya kuku?” Akisema ya kuku, chupa ilirudishwa tupu. Mwenye duka alishauri mafuta ya nazi badala yake, akaeleza kwa sauti ya kugomba kwamba mafuta ya taa huua funza na kuunguza nyama pamoja. Alikuwa sahihi. Mafuta ya nazi huwaziba mabuu pumzi, wakapanda juu wenyewe, wakaokotwa kwa kibano au njiti. Binzari ilifungwa kwenye karatasi ya gazeti, na majivu yalipatikana jikoni bure, ingawa majivu hukausha jeraha na kulichafua kwa wakati mmoja.

Kisha ukaja uhaba wa bidhaa. Wengine huuanzia 1979, wengine 1981. Kwa kuku ulianza siku mche wa sabuni ulipokosekana. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, na jeraha likabaki na maji ya uvuguvugu na chumvi, kijiko cha chai kwa nusu lita, ambayo hadi leo hayajapata mshindani kwa kuoshea.

GV, dawa ya zambarau ya zahanati, ilipendwa kwa sababu nyingine: kuku hudonoa chochote chekundu, na zambarau huificha damu. Mwaka 2019 Kanada iliwaonya watu wake waiache kwa hofu ya saratani. Baadaye ikaja dawa ya kupulizia ya bluu yenye oksitetrasaiklini, ya maduka ya dawa za mifugo. Hiyo huzuia bakteria wasizaliane, haiui funza. Siku hizi hupulizwa juu ya jeraha lisilooshwa, rangi ikapendeza, na mabuu wakaendelea kula chini ya bluu. Mayai ya kuku huyo nayo huuzwa kesho yake, bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye kopo.

Nyumba za Magomeni Kota zilibomolewa, na ghorofa zilizosimama mahali pake zikafunguliwa 2022. Ghorofani hakuna ua. Kuku wamehamia pembezoni mwa jiji, wengi katika banda moja, na mwenyewe huwatazama kupitia wavu.

Utaratibu wenyewe haujabadilika. Kuku mwenye jeraha hutengwa, kwa kuwa wenzake watamdonoa. Manyoya yanayolizunguka hukatwa, jeraha huoshwa, funza huondolewa wote, na tenga hufunikwa chandarua kikuukuu kisicho na tundu. Hukaguliwa asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, maana yai moja la nzi lililosahaulika hurudisha ugonjwa. Jeraha likiwa la kina au limefika ndani ya tumbo, ni kazi ya mganga wa mifugo. Kwa kinga, maranda ya bandani huwa makavu, kinyesi na vifaranga waliokufa hufukiwa mbali, kuku anayeharisha hutibiwa na kuoshwa mkia, na kucha za jogoo hupunguzwa ncha. Na kila kuku hushikwa mkononi, hata kama yai lenyewe haliulizwi tena.