Nyumbani kwa Moringe

Dakawa basi halikai sana. Walishuka abiria wawili, vijana wakainua vifuko vya mchele madirishani, konda akagonga bodi, tukaondoka. Nilikuwa nimeomba kiti cha dirishani kwa ajili ya hapa tu. Katika barabara hii ya kutoka Dodoma kwenda Morogoro ndipo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984, akitoka bungeni kurudi Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 45. Leo kuna kijiji kinaitwa Wami-Sokoine. Mama niliyeketi naye aliniona ninavyochungulia nje, akaniambia taratibu, "Ni hapa." Hakuongeza neno, nami sikumuuliza alijuaje ninachotafuta.

Kuanzia hapo jina lake hukupokea kila uendako. Morogoro ni Chuo Kikuu cha Kilimo, kilichoanzishwa Julai 1984, msiba ukiwa bado mbichi. Mbeya ni uwanja wa mpira. Arusha ni barabara iliyopita katikati ya mji, na wauza saa na viatu wanaitaja mara mia kwa siku wakielekezana njia. Hata daladala ina historia naye: mwaka 1983, akiwa Waziri Mkuu, ndipo magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam, na nauli ya shilingi tano, ile iliyoitwa dala, ikayapa jina. Mwaka huohuo aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawajasahau foleni za sukari na sabuni, wala habari za bidhaa zilizotupwa usiku na waliozificha.

Kutoka Arusha nilipanda haisi, tukapita Kisongo na Duka Bovu hadi Monduli mjini. Kupanda Monduli Juu, nyumbani kwake, nikachukua bodaboda. Baridi ya huko ilinishangaza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya msitu, na chini yake, ndani ya bonde la mviringo la Emairete, mahindi na maharage yamestawi vizuri. Kwenye boma nililopelekwa, mtoto wa kiume wa kama miaka sita alinijia, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa. Nilibaki nimeduwaa. Mwenyeji wangu akanishika mkono, akauweka juu ya kile kichwa kilichonyolewa, kikiwa na joto la jua. Mtoto akainuka, akaenda zake kwenye ndama. Nilikuwa nimesalimiwa.

Mzee wa boma alikuwa ameketi kwenye kigoda, shuka mabegani. Alinisimulia jioni ile ya Aprili: ng'ombe wanaingia zizini, mvua ya masika inatishia, redio ya betri imening'inizwa kwenye nguzo. Walizoea kusikia mtangazaji. Jioni ile alisema Mwalimu Nyerere mwenyewe, na mzee anasema kabla maneno hayajaeleweka, sauti ilikwisha kuwaambia kwamba ni msiba. Alipofika hapo alinyamaza. Akachukua kijiti, akachorachora mavumbini karibu na mguu wake, nasi tukangoja.

Tulikaa karibu saa mbili. Aliongea juu ya mifugo, juu ya kijana wa Monduli aliyesoma shule ya Umbwe akarudi kuwa mbunge wao, na juu ya baba waliosisitiziwa wapeleke watoto shule ilhali walitaka wachungaji. Muda wote huo jina Sokoine halikumtoka mdomoni. Alisema "yule ndugu yetu". Wakati wa kuteremka, kijana aliyenisindikiza alinieleza kwamba kwa desturi ya Wamaasai wa zamani jina la marehemu halitajwi hovyo nyumbani kwake. Nikakumbuka wauza viatu wa Arusha. Kaburi lake liko huku Monduli Juu, na huku ndiko nilikolisikia jina lake kwa uchache kuliko kote nilikopita.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa Butiama, kwao Mwalimu Nyerere, kwa hiyo sikuweza kuacha kulinganisha. Butiama ukifika Mwitongo, kila kitu kina mahali pake: kaburi la Mwalimu kati ya yale mawe makubwa, makumbusho, zawadi alizopewa, vitabu vyake, bao. Kuna mtu wa kukutembeza na kukujibu maswali. Nilipenda utaratibu ule, na ningependa kila kiongozi wetu aliyetutumikia kwa uaminifu apate kama huo. Lakini Mwalimu aliacha urais mwaka 1985, akapata karibu miaka 14 mingine na nafasi ya kurudi Butiama kulima, kabla ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Majirani walimwona akizeeka, wakacheza naye bao. Sokoine hakupata uzee. Siku Mwalimu alipotangaza kifo chake ilikuwa mkesha wa Mwalimu mwenyewe kutimiza miaka 62. Aliyemzidi miaka 16 ndiye aliyemzika.

Kwa hiyo Monduli Juu ina kaburi, na ina wazee. Mengi ya yale niliyoyasikia pale kwenye kigoda sijayaona yameandikwa popote, na waliochunga ndama pamoja na Sokoine, waliozaliwa karibu na mwaka 1938, sasa wanaikaribia tisini. Nilipoaga, mzee aliniomba nirudi kabla ya mvua, maana ana mengine ya kusema. Sijui kama nitawahi.

Wewe mwenye babu au bibi Monduli, hutahitaji nauli wala mkalimani. Nenda ukae naye jioni, uwashe simu, umwache aongee kwa Kimaasai chake, hata kama jina lenyewe hatalitaja. Nenda mwezi huu.