Kamba yenye mafundo

Katika gazeti letu hili mumezoea kusoma habari za mupira, za waimbaji na za mitihani. Leo mimi naleta habari za kisima. Wengine mutacheka, juu kisima tunakipita kila siku tukienda kula, na kitu cha kila siku hakina habari. Lakini niko na neno moja la kusema juu yake mbele ya kumaliza darasa la sita na kuondoka hapa.

Mu mwaka 2024, nikiwa darasa la inne, niliwekwa kapita wa maji wa enternati. Kazi ya kapita ilikuwa kushika ufunguo wa kifuniko, kufungua saa kumi na moja ya asubuhi na saa kumi ya jioni, na kuhesabu bidoni. Tulikuwa waenterna 160. Ilikuwa tena kazi yangu kila siku ya posho kupima kisima na ile kamba ya mwalimu wetu wa jeografia. Munaijua: kamba ya nailoni yenye jiwe mwishoni, na fundo moja kila nusu metre. Unateremusha mpaka unasikia jiwe linagusa maji, unahesabu mafundo, unaandika mu kaye. Basi.

Ule mwaka ulikuwa mubaya toka mbele. Kambo wangu anakaa upande wa Sakania, karibu na mpaka wa Zambia. Mwezi wa pili, wakati mahindi yanatoa ndevu na kuomba maji kuliko wakati wote, mvua ilikatika. Nilipofika kwake kwa mapumziko ya Pasaka, mabua yalikuwa yamesimama kama wanajeshi, lakini ukikamata kijinga ni magunzi matupu, na punje kidogo kama meno ya muzee. Kambo hakulia. Alisema tu: « Mvula ya mwaka huu ilitupita ikisalimia kwa mukono. »

Upande wa pili wa mpaka ilikuwa vilevile au kuzidi. Tarehe 29 ya mwezi wa pili 2024, Rais wa Zambia alitangaza kwamba ukame ni musiba wa inchi nzima. Karibu nusu ya mashamba ya mahindi iliharibika. Na sisi wa Katanga tunajua, unga wa bukari mwingi unatokea Kasumbalesa. Mwenye kupika hapa shuleni anaweza kuwaeleza hesabu ya mifuko vizuri kuliko mimi.

Mwalimu alitufundisha mu darasa kwamba sababu kubwa ilikuwa El Niño, ni kusema maji ya bahari ya Pasifiki kupata moto kupita kiasi, na upepo wa mvua kugeuza njia mpaka kwetu Afrika ya kusini. Jambo hilo linarudi kila miaka kadha, lilikuwako hata zamani. Kitu kipya ni kwamba dunia yenyewe imepata joto, na joto likizidi, udongo na majani vinapoteza maji upesi zaidi. Mvua ikikosa siku kumi leo, si sawa na kukosa siku kumi wakati wa wazee wetu.

Wazee wanaongeza neno lingine. Kambo anasema dembo la kwao lilikuwa linalowana mpaka mwezi wa kumi, watu wakilima lengalenga na nyanya humo bila kungoja mvua. Sasa mwezi wa saba limekauka. Pembeni yake miti ilikwisha, iliingia yote mu mifuko ya makala na kuenda Lubumbashi. Kukata miti ya Sakania hakuwezi kuleta El Niño, ile inatoka mbali. Lakini mvua ikianguka juu ya udongo uliobaki wazi na mugumu, inakimbia kama mwizi, hainywewi na inchi. Kisha tunashangaa visima.

Sasa nirudi kwa kisima chetu. Mwezi wa tano 2024 kamba ilionyesha metre 7 toka mdomo mpaka maji. Mwezi wa saba, 8 na nusu. Tulipotoka mapumziko kuingia mwaka mupya, ilikaribia 11. Chini ya kisima ni metre 13. Mwalimu wa hesabu alituonyesha kwamba, kwa upana wa kisima chetu, metre 1.20, kila metre moja ya maji ni litri 1 130 hivi. Yaani asubuhi, nyuma ya maji kujikusanya usiku mzima, tulikuwa na litri karibu 2 260 kwa kunywa, kupika, kuoga, kufua, sisi wote. Prefe akaamuru: litri 5 kwa kila mutu asubuhi, na litri 5 jioni kama kamba inaruhusu.

Hapa ndipo habari yenyewe inaanza, na mukono wangu unakuwa muzito.

Rafiki zangu wa darasa walikuja usiku mmoja mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Jumapili ilikuwa inakaribia, tulipaswa kuimba, na mashati meupe yalikuwa yamechafuka. « Kapita, fungua kidogo tu, mara moja. Mayi haina ya tata yako! » Nilifungua. Walikuwa kumi na wawili, kila mumoja na bidoni ya litri 20. Usiku wa pili walirudi, juu mara moja haina mwisho kwa mutu mwenye ufunguo. Na mimi, niseme ukweli, nilioga vizuri kuliko mwanafunzi yeyote wa enternati. Ilidumu usiku tisa.

Posho, tarehe 12, niliteremusha kamba. Tarehe 5 ilikuwa 11. Sasa ilikuwa metre 12 kamili. Mafundo mawili yalipotea mu juma moja! Niliandika 12, juu mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitazama kaye kwa muda murefu. Kisha siku ya kwanza mu darasa akachora ubaoni mustari unaoshuka, akasema: « Mutazame namna inchi inakauka. Juma hili ukame umezidi kabisa. » Wote wakanakili. Na mimi nikanakili.

Ndugu, nilikaa na ule mustari mbele ya macho. Ukame ulikuwa umechukua mahindi ya kambo, ni kweli. Sasa mimi nilikuwa nimeubebesha tena mzigo wangu, na ukame hauna kinywa cha kujitetea.

Litri 5 za jioni zikakatwa. Siku ya tatu yake, mutoto mumoja wa darasa la kwanza akashikwa na kiu, akashuka mpaka dembo, akakunywa maji ya shimo la watu wa matofali. Usiku tumbo likamkamata vikali. Walimpeleka kwa kinga ya mwalimu mpaka dispansere, mimi nikashika toshi mbele ya njia. Alikuwa mwepesi kama mufuko mutupu. Walimpa maji yenye chumvi na sukari, akapona nyuma ya siku inne.

Nilienda kwa mwalimu, sikuenda kwa pasta, juu mustari ulikuwa wa mwalimu. Nilimwambia yote na kumpa ufunguo. Nilifikiri atanifukuza. Alifungua kaye, nikashika gomu kusudi nifute ile 12. Akasema: « Usifute. Kisima hakikudanganya. Andika pembeni ni nani alichota. » Nikaandika: watu. Azabu nilipata, siitaji kuieleza, migongo ya wengi inaijua kazi ya kuchimba vyoo. Nyuma ya hiyo kifuniko kikapata kufuli mbili, moja kwa kapita, moja kwa mama wa jikoni, na hakuna anayefungua bila mwenzake.

Mu Mwanzo 26 tunasoma wachungaji wa Gerari waligombana na watumishi wa Isaka juu ya visima, kimoja nyuma ya kingine. Wakati nilipokuwa mudogo nilifikiri walikuwa watu wabaya tu. Sasa nafikiri labda walikuwa watu wa mwezi wa kumi.

Neno moja tena juu ya paa, juu linaniuma. Milimita moja ya mvua juu ya metre kare moja ni litri moja. Paa la lala yetu ni metre 30 kwa 8, ni kusema 240. Kwetu mwaka muzuri unaleta milimita 1 200 hivi. Pigeni hesabu: litri 288 000. Waenterna 160 wakitumia litri 10 kwa siku, ni siku 180, kiangazi kizima! Katanga tunajua kuzuia maji toka zamani; ukuta wa Mwadingusha mu Lufira unatoa umeme toka mwaka 1930, na ziwa Tshangalele lilizaliwa nyuma yake. Ile ilikuwa kwa ajili ya shaba. Kwa ajili ya sufuria zetu tuko na mifereji upande mumoja wa paa, na mapipa manne ya litri 200. Yanajaa kwa milimita 7 tu. Maji mengine yote yanakimbia mu uwanja na kuchimba lile shimo ambalo linavunja miguu ya wachezaji wetu.

Yule mutoto leo iko mu darasa la tatu. Ni yeye kapita wa maji, munamufahamu. Mbele ya kupeleka karatasi hii kwa wenye kuandika gazeti, nilimuita chini ya muembe nikamwelezea, maana hakujua. Alinyamaza. Nikamuomba musamaha. Akaniuliza tu: « Zilikuwa bidoni ngapi? »

Kumi na mbili kila usiku, usiku tisa, nikamwambia. Bidoni 108. Akaenda kuchukua ile kaye ya zamani, akatafuta tarehe 12 ya mwezi wa kumi 2024, na pembeni ya neno langu « watu » akaandika: litri 2 160.