Kutoka ritungu hadi kwa kitukuu wa Muthoni

Kwetu Tarime muziki mzito haukungoja umeme. Ritungu la Wakurya lina nyuzi nane tu na bakuli la mbao lililowambwa ngozi, lakini nyuzi zake za chini hunguruma kwa mkwaruzo ambao utotoni niliusikia tumboni kabla haujafika masikioni. Mpigaji alikuwa mmoja, amekaa kigodani, na ua mzima ulijaa. Wachezaji walikanyaga ardhi kwa viatu vya mbao vyenye soli nene, na vishindo hivyo ndivyo vilivyokuwa ngoma yake. Alirudia kipande kilekile mpaka wazee wakaacha mazungumzo, na katika kurudia huko ndipo alipotaja watu: fulani aliyemaliza mahari ya ng'ombe bila kusumbua, fulani aliyekimbia deni, bibi fulani aliyelea yatima wa jirani. Kutajwa kulikuwa heshima au aibu, kutegemea umeishije.

Baadaye zikaja kaseti, zikawa zinavuka mpaka wa Sirari na Isebania kila siku, maana Wakurya tuko pande zote mbili. Baada ya kaseti, memori kadi. Mahali fulani kati ya hizo mbili ritungu likawekwa kando, kinanda cha umeme kikachukua nafasi yake. Siku hizi ukipanda bodaboda kwenda Nyamongo, au ukishuka Mugumu kule Serengeti siku ya mnada, utasikia nyimbo za Kikurya zilizopikwa studio kwa biti ya kompyuta. Majina bado yanatajwa. Yanatajwa hata zaidi, kwa kuwa anayetaka kutajwa hutoa hela. Mngurumo ndio uliokwisha.

Kwa hiyo mwaka 2020, rafiki yangu wa Isebania aliponirushia albamu ya Duma, nilishangaa kuukuta mngurumo umehamia Nairobi. Duma walikuwa wawili, Martin Kanja na Sam Karugu, waliotokea kwenye bendi za metali za jiji hilo. Walirekodi Kampala, na lebo ya huko, Nyege Nyege Tapes, ndiyo iliyoitoa kazi yao. Wapenda kupanga muziki kwa mafungu hubishana kama hiyo ni metali kweli au ni kelele za mashine, wabishane. Mimi nilisikia midundo inayokimbia kuliko mguu wowote wa binadamu, gitaa lililosagwa hadi likapoteza umbo, na Kanja juu ya hayo yote akipiga mayowe. Maneno karibu yote yalinipita. Kilichonikamata ni namna watu wawili walivyoijaza nafasi yote, wakashikilia jambo moja bila huruma.

Baba mdogo, aliyepiga ritungu ujanani, alisikiliza kidogo kwenye spika yangu. "Mura," akauliza, "huyu anamtaja nani?"

Nikakosa jibu.

Aprili 2024 Kanja, ambaye jukwaani ni Lord Spikeheart, alitoa albamu yake ya peke yake, The Adept, kwa lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu. Safari hii alikuwa na wa kumtaja. Yeye ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyepata cheo cha Filidi Mashali na kubaki msituni mpaka uhuru wa Kenya mwaka 1963. Nywele zake alizifuga miongo kadhaa baada ya hapo, zikanyolewa mwaka 2022. Alifariki Septemba 2023, na albamu ni ya kumuenzi.

Nilitaka kuipenda yote. Nimeshindwa. Kanja amealika kijiji kizima: watayarishaji wengi, wageni wengi, huku anafoka juu ya biti ya rap, kule anaingia kwenye midundo ya disko la usiku wa manane. Sauti yake, ambayo sijasikia ya kutisha kama hiyo Afrika Mashariki, inaonyesha kila inachoweza. Hapo ndipo inaponipoteza. Ritungu halikuwahi kuonyesha linachoweza, lilikung'ang'ania tu. Kwenye The Adept kila ninapoanza kuzama, mlango unafunguliwa na mgeni mwingine anaingia.

Hata hivyo siwezi kusema ameshuka. Duma walikuwa na mngurumo usio na mtu ndani yake, na kusema kweli baada ya mwaka mmoja nilikuwa nimeanza kuuchoka. Hapa kuna ukoo, kuna msitu, kuna bibi. Na sifa za shujaa si lazima ziimbwe kwa sauti tamu. Wapigaji wetu wa zamani walikuwa na makoo yaliyokauka kwa tumbaku, na hakuna aliyelalamika.

Nilimpigia baba mdogo wimbo mmoja wa albamu hiyo, nikamweleza habari za Muthoni. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa Duma hakulifanya. Akasema wapigaji ni wengi mno, wanamkatiza. Kisha akataka kujua nani alizinyoa zile nywele, na kama alistahili.