Jiko Lenye Sheria Chini ya Mlima Elgon

Msafiri aingiaye Uganda kwa mpaka wa Malaba hufika kwanza Tororo, mji wenye jabali kubwa lililosimama peke yake. Kutoka hapo barabara huelekea kaskazini, na baada ya mwendo wa kilomita 45 hivi huufikia mji wa Mbale, ulio chini ya mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Upande wa mashariki genge la Wanale limeuinamia mji kama ukuta. Ardhi yake ni ya rutuba, na mvua hainyimwi. Ndiyo maana soko la Mbale hujaa ndizi za kupika, maharage, karanga, viazi, mboga za dodo, ambazo pwani huitwa mchicha, na malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi.

Kilomita chache nje ya mji kiko kilima cha Nabugoye. Migomba yake ni ile ile, na kahawa yake ni ile ile ya vilima vingine. Lakini katika nyumba za kilima hiki Ijumaa jioni moto hauchochewi, na katika majiko yake upawa wa maziwa hauingizwi katika sufuria ya nyama. Hapa ndipo makao makuu ya Abayudaya, maana yake watu wa Yuda, ambao ni Waafrika wafuatao dini ya Kiyahudi. Wengine wao huishi Namanyonyi, Nasenyi, Putti na Namutumba.

Asili ya jambo hili ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki. Alipoona kuwa hawatampa ufalme aliotarajia, alijitenga nao, akakaa kuisoma Biblia. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akatangaza kuwa tangu siku hiyo wao ni Wayahudi. Wazee wa kilima husimulia kwamba mwaka uliofuata alifika kwao Myahudi mgeni aitwaye Yosef, akakaa nao kwa muda wa miezi kadhaa, na ndiye aliyewafundisha sikukuu pamoja na sheria za chakula. Kakungulu alifariki mwaka 1928, lakini mafundisho hayakufariki naye.

Chakula kinachokubaliwa na sheria hizo huitwa kosheri. Wengi wanaposikia neno hilo hufikiri ni chakula cha matajiri, kinachotoka katika makopo ya ng'ambo. Fikra hiyo si sahihi. Kosheri si aina ya mapishi. Ni utaratibu wa kuchagua, kuchinja, kusafisha na kutenganisha. Ndizi, maharage, ugali wa mahindi, karanga, viazi na dodo, ambavyo ndivyo chakula cha kila siku cha mwananchi wa Mbale, vyote huruhusiwa. Maskini wa Nabugoye, basi, ana sehemu kubwa ya kosheri shambani mwake kabla hajajifunza sheria hata moja.

Hata hivyo, kujifunza kuna kazi yake, na kazi hiyo humwelemea zaidi mzazi aliye peke yake. Katika vijiji hivi, kama katika vijiji vyote vya Afrika Mashariki, wapo wajane, wapo walioachwa, na wapo akina baba waliofiwa na wake zao. Wapo pia wasiozaliwa katika dini hii, waliojiunga nayo ukubwani, wakiwa tayari na watoto wanaolia njaa. Mzazi wa namna hiyo hulima asubuhi, huuza sokoni mchana, na hupika jioni. Hana mwenzake wa kumkumbusha kwamba sufuria aliyoshika siyo. Kwake yeye sheria huonekana mwanzoni kama mzigo uliotwikwa juu ya mzigo.

Njia iliyo nyepesi kwake ni kuanza na jiko lisilo na nyama. Vyakula vya shambani, pamoja na samaki na mayai, haviko upande wa nyama wala upande wa maziwa. Vyakula hivi vya kati huitwa pareve, na huweza kuliwa pamoja na upande wowote. Mama mwenye sufuria moja ya ndizi na maharage, kikaango kimoja na mwiko mmoja, akipikia mafuta ya mbegu, amekwisha kuipata wiki nzima ya milo bila hatari ya kuchanganya. Siku ya kwanza maharage na ugali, siku ya pili ndizi kwa mchuzi wa karanga, siku ya tatu viazi na dodo, siku ya nne malewa yaliyoungwa kwa karanga. Watoto hushiba, na sheria haikuguswa.

Yapo mambo madogo ya kuangalia. Mdudu haliwi, hivyo maharage huchambuliwa katika ungo, unga huchekechwa, na majani ya dodo huloweshwa katika maji ya chumvi, kisha hutazamwa moja moja kwenye mwanga wa jua. Yai hupasuliwa kwanza katika kikombe. Likiwa na damu hutupwa, nalo halijaharibu mengine. Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Kwa hiyo ngege, ambaye Mwanza huitwa sato, anafaa, na sangara anafaa, lakini kambare, mwenye ngozi laini isiyo na magamba, hafai hata akiwa wa bei ndogo. Kazi hizi hazihitaji fedha. Zinahitaji macho, na macho ya mtoto wa miaka minane ni makali kuliko ya mamaye.

Siku nyama inapopatikana ndipo sheria huongezeka. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huruhusiwa, kwa kuwa wana kwato zilizopasuka na hucheua. Nguruwe na sungura hawaruhusiwi. Nyama ya bucha la mjini hainunuliwi, kwani mnyama sharti achinjwe na mchinjaji aliyefundishwa, kwa kisu kikali kisicho na pengo hata dogo. Hata kuku wa mama mwenyewe, aliyemfuga tangu kifaranga, hupelekwa kwa mchinjaji huyo.

Hapa ndipo anayejifunza huweza kukosea kwa sababu ya mazoea. Desturi ya Afrika Mashariki ni kumtumbukiza kuku katika maji ya moto ili manyoya yatoke upesi. Katika jiko la kosheri jambo hilo limekatazwa, kwa maana maji ya moto huigandisha damu ndani ya nyama, na damu haliwi. Manyoya hunyonyolewa pakavu au kwa maji baridi, ingawa vidole huuma. Kisha nyama huloweshwa katika maji baridi kwa nusu saa, hupakwa chumvi ya punje nene pande zote, na huwekwa kwa saa moja juu ya ubao ulioinamishwa ili damu ichuruzike. Baadaye huoshwa mara tatu. Maini hayatoshelezwi na chumvi, bali huchomwa juu ya moto wazi. Mpishi akumbuke kutotia chumvi nyingi katika mchuzi, maana nyama imekwisha kuinywa.

Nyama na maziwa havipikwi pamoja, wala haviliwi katika mlo mmoja. Baada ya kula nyama watu husubiri kabla ya kunywa maziwa, wengine saa tatu, wengine saa sita, kufuatana na desturi ya wahenga wao. Mama wa Kigisu aliyezoea kukaangia nyama kwa samli hana budi kuiacha, kwani samli ni maziwa. Chai ya maziwa nayo hungoja. Baada ya mlo wa nyama hunywewa ya rangi, au kahawa nyeusi, ambayo kilima hiki hakiikosi. Mwaka 2004 wakulima wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu wa sehemu hizi waliunda ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu.

Ghali ya sheria hii ni vyombo, kwa kuwa nyama hutaka sufuria yake na maziwa hutaka yake. Lakini mama asiye na uwezo hahitaji kununua seti mbili kwa siku moja. Sufuria ndogo moja ya nyama, iliyotundikwa ukutani mbali na nyingine, pamoja na kisu na mwiko wake, inatosha kwa familia ionjayo nyama kwa nadra. Mpini wa mwiko wa nyama hukatwa alama, na ule wa maziwa hufungwa uzi. Alama hizo si kwa ajili ya mama, ambaye anakumbuka. Ni kwa ajili ya mtoto aliyeachwa nyumbani kuwapashia wadogo zake chakula wakati mama yuko sokoni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mtoto aliyezoea alama hizo akiwa mdogo hataelemewa nazo akiwa mkubwa.

Mtihani mkubwa wa juma ni Ijumaa. Sabato huanza jua linapotua, na tangu hapo mpaka nyota zionekane Jumamosi usiku hakuna kuwasha moto, kuuchochea wala kupika. Wayahudi wa Ulaya hutazama kalenda, kwa kuwa huko jua la kipupwe hutua alasiri na la kiangazi hutua usiku. Mbale iko karibu na Ikweta, na jua lake hutua karibu saa ile ile mwaka mzima, baada ya saa kumi na mbili na nusu. Mama hana haja ya kalenda. Akiona kivuli kimeufunika ua wake, ajue muda umekwisha. Kwa hiyo maharage huloweshwa Alhamisi usiku, na kuni, maji na majani ya migomba huletwa Ijumaa kabla ya adhuhuri.

Chakula cha Sabato kwa mzazi na watoto wanne huweza kuwa hivi:

Mlo wa usiku: ndizi za kupika zilizomenywa, kiasi cha kuijaza sufuria, hufungwa katika majani ya migomba na kupikwa kwa mvuke mpaka ziwe laini, kisha hupondwa zikiwa ndani ya majani. Kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa hukorogwa kwa maji ya vuguvugu, hutiwa kitunguu na nyanya mbili, na huchemshwa kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga. Majani yasifunguliwe mpaka wakati wa kula, kwani huhifadhi joto.

Mlo wa Jumamosi: nusu kilo ya maharage yaliyoloweshwa huchemshwa kwa nguvu mpaka yaive. Hutiwa viazi kilo moja vilivyokatwa vipande vikubwa, vitunguu viwili, nyanya tatu na chumvi. Maji yazidi ya kawaida, kwa sababu baada ya jua kutua hayataongezwa. Kabla ya Sabato makaa hufunikwa kwa majivu na kipande cha bati, sufuria huwekwa juu yake ikiwa na mfuniko wake, na haikorogwi tena. Karanga zisitiwe humu, kwa maana huungua chini. Asubuhi chakula hukutwa kina moto. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walipika hivyo hivyo, maharage na viazi juu ya moto wa usiku kucha, wakakiita cholenti.

Mkate nao unawezekana pasipo tanuri. Unga wa ngano uliotiwa hamira, usiotiwa maziwa, huokwa ndani ya sufuria nzito yenye makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mikate miwili huwekwa mezani, kukumbuka mana iliyoanguka maradufu jangwani kabla ya Sabato.

Katika nyumba nyingi mama huwasha mishumaa na baba hubariki kikombe. Je, nyumba yenye mzazi mmoja itapungukiwa? Sheria haikumwacha. Marabi wamefundisha tangu kale kwamba mwanamke anawajibika kama mwanamume kuitakasa Sabato kwa kikombe, na baba aliyefiwa huwasha mishumaa mwenyewe. Mkono mmoja hutimiza kazi za mikono miwili, na wala haihesabiwi kuwa upungufu.

Ni vema kukumbuka yaliyokipata kilima hiki. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971, na utawala wake ukaipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yalifungwa. Wengi walibadili dini kwa hofu, na waliobaki wakakadiriwa kuwa 300 hivi, wakisali kwa siri. Amin alipoanguka mwaka 1979 jamii ilianza kujijenga upya. Mwaka 2002 mamia ya Abayudaya walithibitishwa mbele ya marabi wa madhehebu ya Conservative, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, mzaliwa wa jamii hiyo, alipewa daraja la urabi huko Los Angeles, akarudi kuwaongoza wenzake.

Katika miaka ile ya giza sinagogi liliweza kufungwa kwa amri, lakini jiko halikuweza kufungwa. Hakuna askari awezaye kuona kitu ambacho mpishi hakukitia katika sufuria. Dini iliyokosa nyumba ya sala ilibaki na nyumba ya chakula, na mlinzi wa nyumba hiyo ni yule aliyeshika mwiko. Mzazi wa Nabugoye achambuaye maharage peke yake Alhamisi usiku, watoto wakiwa wamelala, anaweza kujiona mnyonge kuliko wote kilimani. Kwa hakika yeye ndiye anayeshika sehemu ya sheria ambayo hata serikali ilishindwa kuipokonya.