Kofia ya viua na faili la DST

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuendelea na somo letu la hifadhidata. Litasubiri kidogo. Tangu nirudi kutoka Mombasa kumwona mama, kichwa changu kimejaa mambo ya uzi na sindano. Hata wewe ambaye hujawahi kushona kifungo, vumilia, maana mwisho wake ni habari ya mafaili.

Wanaonijua hapa Nairobi wanajua kuwa nadarizi. Wengine hucheka: mwanamume mzima, tena mtu wa kompyuta, amekaa kwenye treni na kitambaa magotini. Pwani hakuna anayecheka. Ukipita Lamu utawaona wanaume wamekaa barazani na kofia mikononi, nao ndio wanaosifika kwa kazi hiyo. Mimi lakini sikufundishwa na mwanamume. Nilifundishwa na mama, Mji wa Kale, miaka ya 1980, kila jioni baada ya chuo.

Hatukuanza na kofia, tulianza na leso. Leso huuzwa mbili pamoja bila kukatwa, na ni juu ya mnunuzi kutafuta mtu wa kuzikata na kuzipinda. Majirani walimletea mama, naye akanipa mimi pindo. Sitakudanganya kwamba niliipenda kazi ile. Inachosha, na kidole kinauma. Lakini mkono ulizoea, na baada ya miezi kadhaa nikawa napinda huku nimetazama nje watoto wakicheza mpira, na mishono inatoka imepangana.

Faida yake niliiona shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na Sayansikimu, na shule ya msingi ilikuwa kwa wote, wavulana kwa wasichana. Mwalimu alitaka kila mmoja alete vipande vya mishono: bandi, upindo, tundu la kifungo. Wenzangu wengi waliwapelekea dada zao. Werevu walinipelekea mimi, kwa shilingi moja moja.

Kofia ilikuja baadaye. Kwa wasioijua, kofia ya viua ni ile nyeupe ya mkono, iliyojaa vitundu vidogo vidogo vilivyopangwa kwa pambo. Kitundu kimoja ndicho kiua. Watu hudhani kiua hukatwa. La. Unachukua ncha nene, unaisukuma kitambaani polepole mpaka nyuzi za kitambaa zijitenge, halafu unauzungushia ukingo wa tundu uzi, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka lisiweze kujifunga. Hakuna uzi wa kitambaa uliokatwa, ndiyo maana kofia nzuri hufuliwa na kutiwa wanga miaka na miaka bila kuraruka. Mashine ya kudarizi ikitaka tundu hukata kwa kisu kidogo, kisha hufunika jeraha kwa uzi. Ukitazama kwa mbali utasema ni kitu kimoja.

Kofia moja nzito ilimchukua mama miezi miwili au mitatu, akiifanya katikati ya kupika na kulea. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae chini kuandika. Nilipokuwa mdogo niliona mama hatumii tepu kupanga pambo. Alichukua ukanda wa kitambaa unaozunguka kichwa, akaukunja katikati. Akakunja tena. Akakunja tena, na tena. Mara nne. Alipoukunjua kulikuwa na alama 16 zilizo sawa kabisa, na kila nafasi ikapewa pambo lake. Kichwa cha inchi 22 kikigawanywa kwa 16 ni inchi 1 na 3/8. Cha inchi 21 ni 1 na 5/16. Nani ana subira ya kuchora hayo kwa rula? Yeye hakuhitaji kujua nambari hiyo hata kidogo. Kichwa cha mtoto, kichwa cha mzee, mikunjo ni ile ile minne, na pambo linajinyoosha au kujibana lenyewe. Akitaka pambo dogo la kujirudia zaidi, anaongeza mkunjo mmoja, zinakuwa 32. Miaka mingi baadaye, mhadhiri aliposimama kutueleza vipeo vya 2, nilikuwa nimeshavishika kwa vidole.

Makala za teknolojia zikitaja nguo hukimbilia Jacquard, Mfaransa aliyetoa kitanda chake cha kufumia cha kadi zilizotobolewa mwaka 1804. Sawa, lakini ule ni ufumaji, na hadithi yenyewe imechakaa. Mimi napenda ya Apollo. Programu za kompyuta iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969 ziliwekwa kwenye kumbukumbu iliyoshonwa kwa mkono na wanawake wa kiwanda cha Raytheon, Waltham, Massachusetts. Waya ukipitishwa ndani ya kijipete cha sumaku ni 1, ukipita nje ni 0. Maneno 36,864, kila neno biti 16. Huko, kurekebisha programu kulimaanisha kufumua.

Turudi kwa mama. Ana glakoma, presha ya macho. Dawa za matone zinazuia ugonjwa usiendelee upesi, lakini sehemu ya macho iliyokwisha kwenda hairudi, daktari ametueleza wazi. Ameacha kudarizi. Mapambo yake, na ni mengi, hayako popote isipokuwa kichwani mwake na kwenye kofia ambazo watu walizinunua wakaondoka nazo.

Ndugu yangu mmoja alinishauri kitu chepesi: chukua kofia iliyobaki nyumbani, ipige picha, mpe mtu wa mashine akutengenezee faili, umemaliza. Nilifikiri juu yake. Faili linalotumiwa sana na mashine za kudarizi ni DST, lililoanzia kwa kampuni ya Tajima ya Japani. Ukilifungua ndani utakuta ni orodha ya hatua tu. Kila hatua ni baiti 3: songa kiasi hiki kulia, kiasi hiki juu, choma. Au ruka bila kushona. Au simama, badilisha uzi. Kipimo ni sehemu ya kumi ya milimita, na hatua moja haizidi milimita 12.1. Hakuna mahali palipoandikwa "hiki ni kiua", wala "rudia mara 16". Jaribu kulikuza liingie kichwa kikubwa zaidi: mishono inatanuka, uzi unakuwa mwepesi, kitambaa kinachungulia. Ni kama kupewa programu iliyokwisha kugeuzwa lugha ya mashine na kuambiwa uiongeze kitufe kimoja. Inatekelezeka, haisomeki. Mimi nilitaka chanzo chake, na chanzo kiko kwenye mikunjo.

(Ipo programu huria, Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya Inkscape. Hiyo huhifadhi umbo lenyewe na kuhesabu mishono baadaye. Kwa kazi za mashine naipendekeza sana.)

Basi nimeandika kiprogramu changu kwa Python, si kirefu. Unakipa mzunguko wa kichwa na idadi ya mikunjo, unakieleza pambo moja, nacho kinachora ukanda mzima kwenye karatasi tayari kunakiliwa kitambaani kwa penseli. Kushona ni kwa mkono wako. Mpaka sasa yameingia mapambo matatu. Mama anakaa kitini, ananieleza kwa maneno, mimi naandika. Nikishona sampuli anaipitisha chini ya kidole gumba akihesabu kimoyomoyo. Anaposimama najua hapo pana jambo.

Safari hii alisimama pale ukanda unapoungana. "Kidogo kiko wapi?" akaniuliza. Sikumwelewa. Kumbe miaka yote hiyo, kwenye kila kofia aliyoshona, kiua cha mwisho karibu na mshono alikifanya kidogo kuliko wenzake. Kwa jicho hukioni. "Mtu akiamka alfajiri kwenda msikitini," akasema, "asiwashe taa akaamsha watoto. Atie kidole tu ajue nyuma ni wapi."

Nikarudi kwenye programu nikakiongezea mstari wake, nje ya kitanzi kinachorudia mara 16. Sampuli mpya niko nayo hapa mezani, imebakiwa na mapambo matano. Nitampelekea mwisho wa mwezi.